Joto Linapolegeza Kifungo cha Kwaki

Jua la mchana hapa Kiringye linatuchosha, lakini kwa kwaki si kitu. Chembe hizi, zilizomo ndani ya protoni, zinashikwa na nguvu inayopita uzito wa tani 10. Ukizivuta, hakuna inayotoka peke yake. Mwaka 1974 mwanafizikia Kenneth Wilson aligawa nafasi na wakati katika nukta, kama majaruba ya mpunga ya hapa bonde la Ruzizi, ili nguvu hiyo ihesabike. Kompyuta zimeonyesha kuwa joto likipanda, kifungo hulegea. Kwenye nyuzi trilioni 1.8 hivi, zaidi ya mara 100,000 ya joto la kitovu cha Jua, protoni huyeyuka. Tena hatua kwa hatua, si ghafla. Mimi hilo ndilo linalonishangaza kuliko namba zenyewe. Maabara ya CERN hulifikia joto hilo kwa kugonganisha viini vya madini ya risasi.