Manda Ikue, Lakini Maji Yatangulie

(Mazungumzo na wakazi wa Manda Maweni kuhusu bajeti na biashara)



Nimekuja kuzungumza nanyi kuhusu pesa, na vitu ambavyo pesa hizo zinapaswa kununua kwanza. Manda ya leo si ile ya zamani. Kila mgeni anayeshuka ndege kuja Lamu hukanyaga kwanza ardhi ya kisiwa hiki, ndipo apande boti avuke. Ng'ambo ya Mkanda iko bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Ufuoni, kule Ras Kitau, hoteli zipo. Hapa Maweni, mawe mnayochonga kwa mikono yenu ndiyo yaliyojenga nyumba za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Basi biashara inakuja. Swali ni je, itamkuta mwenyeji amejiandaa, au itampita kama ndege juu ya paa lake?

Jibu tunalo hapa hapa kisiwani. Mji wa kale wa Manda ulifanya biashara na nchi za Ghuba tangu karne ya 9. Takwa nayo ilikuwa na msikiti wa Ijumaa, ukuta na nyumba za mawe. Yote miwili imebaki magofu. Wazee wanatuambia watu wa Takwa walihamia Shela, na sababu moja inayotajwa ni visima kugeuka chumvi. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye kaburi la mnara. Mji unaweza kuwa na soko, msikiti na ukuta imara. Ukikosa maji, watu watafunga virago.

Kwa hivyo tukipanga matumizi, tupange kwa utaratibu. Maji kwanza: majabia ya kuvuna mvua yakarabatiwe, matangi yawepo shuleni na zahanati, na mradi wowote wa bomba au wa kusafisha maji ya chumvi uwe na fungu la matengenezo, si fungu la uzinduzi pekee. Pili, jeti na njia, ili mama mjamzito asingoje maji kujaa ndipo apande boti, na mchonga mawe afikishe mzigo wake pwani bila kuupoteza nusu. Tatu, choo na jaa la taka. Baada ya hapo, vibanda vya soko na viwanja vya maduka vitakuwa na maana, kwa sababu mwenye duka naye anahitaji maji.

Wengine watasema, tungoje mwekezaji, yeye ataleta maji. Mwekezaji huleta maji hadi kwenye lango lake. Ya kijiji ni kazi yetu.

Sasa, tumuulize nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Huduma za maji na usafi, barabara za kaunti, vivuko, masoko na leseni za biashara ni za Serikali ya Kaunti. Uwanja wa ndege na bandari kubwa ni za Serikali ya Kitaifa. Msikubali kurushwa kama mpira kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Na tuulize lini? Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekuja Julai kudai tangi amekuja chakula kimeshapakuliwa. Sheria pia inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo. Mna haki ya kuuliza sehemu ya Manda ni ipi.

Kuhusu ardhi: ujenzi mkubwa unahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, na umma una nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Mkiona vigingi vya soroveya shambani, msingoje matingatinga. Andikeni barua, mweke nakala.

Tusisahau yaliyotokea bandarini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ni fedha nyingi, lakini mvuvi yeyote atawaambia angependelea kuulizwa kabla mchanga haujachimbwa baharini.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kikao kijacho cha maoni, kaeni kwa mitaa, kina mama wakiwemo, mwandike mambo matatu tu, kwa mpangilio. Orodha ya mambo thelathini hupotea. Ya matatu husomwa. Mjumbe wenu aishike mkononi, na mwaka ujao tuketi tena hapa, tuihesabu pamoja nini kimefanyika na nini hakijafanyika.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe kimetoboka.