Chipsi au Machalari? Kuchagua Chakula Unapokula Nje ya Nyumbani

(Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari mjini Moshi. Tumeyaandika kama alivyoyasema, kwa ajili yako wewe ambaye hukuwepo.)

Nimesikia "shikamoo" kutoka kule nyuma. Marahaba, lakini jamani, mimi bado ni dada yenu, sijafika hata miaka thelathini.

Leo sikuja kuzungumza juu ya malaria wala UKIMWI. Nimekuja kuzungumza juu ya chipsi. Mnacheka, eh? Chekeni, lakini mnijibu. Nani alikula chipsi wiki hii? Naona mikono mingi. Nani alikunywa soda jana? Bado mikono mingi. Haya, nani alinunua mboga za majani kwa hela yake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu? Mkono mmoja. Asante, kaka. Basi tuanzie hapo.

BABA MDOGO NA LORI LAKE

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori kati ya Moshi na Dar es Salaam. Tulipokuwa wadogo alikuwa shujaa wetu. Alikula njiani: Same, Mombo, Segera, kila mahali chipsi, kuku wa kukaanga na soda mbili baridi ili asisinzie. Akirudi nyumbani na kuandaliwa kiburu, alikuwa akisema hicho ni chakula cha wazee.

Alipopita miaka arobaini alianza kuwa na kiu isiyokwisha na kwenda haja ndogo kila mara. Akasema ni joto la Dar. Kisha kiatu kikamchubua mguu. Kidonda kidogo tu, lakini kikakataa kupona. Alipopimwa aliambiwa ana kisukari, na huenda amekaa nacho miaka mingi bila kujua. Mguu ukakatwa chini ya goti. Leo yuko kwetu Kibosho, anakaa barazani kutwa, na lori linaendeshwa na mtu mwingine.

Sisemi kwamba chipsi peke yake ndizo zilizomkata mguu. Kisukari cha ukubwani kina sababu nyingi: kurithi katika ukoo, unene wa tumbo, kukaa kutwa bila kazi ya mwili, na chakula. Ukoo huwezi kuubadili. Chakula unaweza. Siku moja nilimwuliza angependa niwaambie nini vijana. Akasema, "Waambie mimi sikuwahi kuchagua, mwanangu. Nilikula kilichokuwa mbele yangu."

Neno hilo ndilo lililonileta hapa.

MAMBO YAMEBADILIKA

Huenda unasema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Miaka ya 1980 watafiti walipima watu vijijini katika mikoa mitatu, Kilimanjaro ukiwa mmojawapo. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu mmoja kati ya mia. Mwaka 1996 watafiti walilinganisha watu wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wa kijiji cha Shari, huku kwetu wilaya ya Hai. Ilala walikuta karibu watu sita kati ya mia. Shari hawakufika wawili.

Sasa sikiliza. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa taifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Karibu watu tisa kati ya mia walikuwa na kisukari, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Waliopimwa katika tafiti hizi hawakuwa wa umri mmoja, kwa hiyo tusizilinganishe kama mizani ya sokoni. Lakini mwelekeo unaonekana. Maisha ya mjini yanaupanda mlima.

CHAKULA HAKINA URAIA

Wengine wakisikia haya husema, "Basi tuache vyakula vya kigeni, turudi kwenye vyakula vya asili." Mimi sisemi hivyo. Mahindi na maharage ya makande yako asili yake ni bara la Amerika. Mahindi yalianza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, na parachichi nalo lilitoka huko huko. Wamexico mpaka leo wanakula mahindi, maharage na parachichi, sawasawa na bibi yako kule Marangu. Na mgomba wenyewe, ambao Mchaga anajivunia, ulitoka Asia.

Kwa hiyo usiulize chakula kimetoka nchi gani. Uliza maswali manne: Kimepikwaje? Ni kiasi gani? Kina nini pembeni? Nakiteremsha kwa kinywaji gani? Twende sasa pamoja tukazunguke mji na maswali yetu manne.

KWENYE KIBANDA CHA CHIPSI

Ni saa kumi jioni, umetoka shule, njaa inauma, harufu inakuita. Kiazi si adui. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zipatazo 85. Vikate vyembamba, vitumbukize kwenye mafuta, na gramu 100 za chipsi zinaweza kufika hata kalori 300. Maji ya kiazi yametoka, mafuta yameingia. Ukisema uwekewe zege, yaani chipsi mayai, mafuta mengine yanamiminwa kwenye kikaango. Halafu chumvi, halafu sosi ya nyanya ambayo nayo ina chumvi na sukari.

Utachagua nini? Angalia kwanza mafuta. Yakiwa meusi, mazito na yenye harufu kali, yamechemshwa mara nyingi mno. Ondoka. Kama ni masafi na una hamu, agiza nusu sahani, kula mkishirikiana wawili, na omba kachumbari nyingi. Hakikisha tu nyanya na vitunguu vimeoshwa kwa maji safi, maana hatutaki kukimbia kisukari tukaangukia kipindupindu. Nyunyiza chumvi mara moja, si mara mbili.

Chaguo zuri zaidi liko hatua chache tu kutoka hapo, kwenye jiko la mkaa: ndizi za kuchoma, mishikaki miwili na kachumbari. Utashiba, na mafuta ni kidogo sana.

Na soda je? Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola huwa na sukari gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25 kwa siku. Maana yake chupa moja imemaliza siku yako na kuingia katika siku ya kesho. Je, ungekubali mtu akuwekee vijiko tisa kwenye kikombe cha chai? Kunywa maji. Soda iwe ya sherehe.

KWA MAMA NTILIE

Hapa, kusema kweli, ndipo penye chakula bora kwa hela kidogo. Wali maharage na mchicha. Ugali, dagaa na mnafu. Makande. Maharage yanajenga mwili, yana madini ya chuma, na nyuzinyuzi zake hufanya sukari iingie kwenye damu polepole. Wasichana, nawaambia ninyi hasa: kila mwezi mnapoteza damu, kwa hiyo mnahitaji chuma. Kula maharage na mboga za majani pamoja na chungwa au limau, maana vitamini C husaidia mwili kukichukua hicho chuma. Na chai iache mpaka baadaye, kwa sababu ukiinywa pamoja na chakula inazuia.

Mwambie mama kwa heshima: "Mama, naomba uniongezee mboga, wali upunguze kidogo." Hatakasirika. Ukiletewa supu asubuhi na mafuta yanaelea juu, yaengue kwa kijiko. Chapati moja badala ya tatu. Na tafadhali, onja kwanza kabla hujanyanyua kichupa cha chumvi. Mtu mzima anashauriwa atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyokwisha tiwa jikoni.

HOTELI YA KICHINA, AU YA KIHINDI

Siku moja mjomba atakuja kutoka Dar au Nairobi, atakupeleka mahali penye meza zenye vitambaa. Utapewa karatasi ya vyakula usivyovijua. Usiogope, maswali yetu ni yale yale.

Kwenye chakula cha Kichina, kuna wali wa kukaanga na kuna wali mweupe. Chagua mweupe. Kuna nyama iliyoviringishwa kwenye unga, ikachovywa kwenye mafuta, kisha ikamwagiwa mchuzi mtamu: hiyo ni mafuta na sukari kwa pamoja. Kuna pia mboga zilizokaangwa haraka kwa mafuta kidogo, kuku na karoti, samaki wa mvuke, supu nyepesi. Agiza hizo. Vyakula vikiwekwa katikati ya meza, ni vya kushirikiana, si vyako peke yako.

Kile kichupa cha maji meusi ni sosi ya soya. Kijiko kimoja cha chakula huwa na chumvi gramu 2 au zaidi, karibu nusu ya chumvi ya siku nzima. Dondoshea matone, usimwage.

Kwenye chakula cha Kihindi, dengu na choroko ni marafiki zako. Sambusa na bajia ni tamu, lakini zimeogelea kwenye mafuta. Moja ya kuonja inatosha.

DESEMBA, KULE JUU

Sasa tupande mlimani. Mwisho wa mwaka ukoo wote unarudi, Machame, Kibosho, Marangu, Rombo. Mbuzi anachinjwa, soda zinashushwa kwa kreti, na watu wanakula kuanzia asubuhi mpaka usiku. Siwezi kukuambia ususie sherehe ya babu yako. Lakini hata pale unaweza kuchagua.

Pale kihambani pana machalari, ndizi na nyama kwenye sufuria moja, zimechemshwa. Pana kiburu, ndizi na maharage. Pana mtori, ambao wazazi hupewa wapate nguvu. Hivi ni vyakula vya kuchemsha. Mwombe mpishi asizidishe mafuta, maana hata mtori ukijazwa siagi hauwi mtori tena. Nyama chagua isiyo na mafuta mengi, chukua vipande vichache, kisha ongeza mboga na parachichi. Halafu tembea. Bibi zetu walikula ndizi kila siku, lakini pia walibeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare mpaka juu. Wewe unapanda daladala kwa mwendo wa dakika kumi!

"DADA, MIMI SINA HELA"

Najua. Ndiyo maana sikukuambia ununue kitu cha ajabu. Ile hela ya soda, ipeleke sokoni Mbuyuni. Utapata ndizi mbivu, au parachichi wakati wa msimu wake. Hela ni ile ile, umebadilisha tu njia yake.

Mwingine anasema, "Wenzangu wataniita mshamba nikila ndizi." Mimi nilipokuwa chuoni nilikula zege karibu kila usiku kwa sababu hiyo hiyo. Niliogopa kuonekana nimetoka kijijini. Nilinenepa, nikawa nasinzia darasani, hela ikaisha kabla ya mwezi. Wale niliowaogopa, hata majina yao sasa nayasahau.

Na jambo moja zito. Sikuja kumwambia mtu yeyote akonde. Bado mnakua. Msichana anayeruka chakula ili awe mwembamba anajiumiza, na anayemcheka mwenzake kwa unene anamwumiza mwenzake. Lengo letu ni mwili wenye nguvu.

KUMBUKA

1. Kilichochemshwa au kuchomwa ni bora kuliko kilichokaangwa.
2. Kila sahani iwe na mboga au tunda.
3. Onja kabla ya kuongeza chumvi.
4. Kunywa maji. Soda ni ya sherehe.
5. Mtu mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa sana, anayechoka bila sababu au mwenye kidonda kisichopona, mwambie akapime sukari. Usingoje kama baba yangu mdogo alivyongoja.

Jumamosi nitakwenda Kibosho kumsalimia. Atakuwa anakula kiburu, kile kile alichokuwa akikikataa, na ataniuliza kama nimewaambia. Nitamjibu kwamba nimewaambia, na kazi iliyobaki ni yenu.

Haya, karibuni maswali.

MJADILI NA WENZENU: Karibu na shule yenu kunauzwa vyakula gani? Kwa kutumia yale maswali manne, pangeni mlo mmoja mzuri ambao mwanafunzi anaweza kuununua kwa hela yake ya kawaida.