Msamaha Uko Mkononi mwa Nani? Mashauriano ya Serikali kwa Ajili ya Mkenya Aliyehukumiwa Kifo Ng'ambo

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya machifu, wazee wa mitaa na wasaidizi wa kisheria, Kipkelion, Kaunti ya Kericho



Hukumu ya kifo si mada ya kufungulia semina asubuhi, najua. Lakini nani hapa Kipkelion hana jirani aliye Riyadh, Dammam au Doha? Tangu mashine za kuchuma majani chai zianze kuchukua kazi ya mikono katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet (na hasira yake tuliiona Mei 2023, zilipochomwa moto), vijana wetu wengi huiona Ghuba kama kibarua cha kawaida. Karibu wote watakwenda na kurudi salama. Wachache watafikishwa mahakamani, na mmoja mmoja kwa kosa lenye hukumu ya kifo. Nimekuja kumzungumzia huyo mmoja, maana siku atakayokamatwa simu itapigwa kwa mama yake, na mama atakwenda kwa chifu.

Hoja yangu ni hii. Serikali inaposhauriana na serikali nyingine juu ya mtu aliyehukumiwa kifo, kinachopatikana mara nyingi ni muda tu. Msamaha wenyewe hutolewa na mwingine, na huyo mwingine hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Familia isiyomjua itabisha mlango usio wake hadi siku ziishe.

Saudi Arabia: serikali haisamehi damu ya mtu

Kesi ya Stephen Munyakho wengi mliifuatilia redioni. Aprili 2011, akiwa mfanyakazi huko Saudi Arabia, alizozana na mwenzake, raia wa Yemen, wakaumizana, na yule mwenzake akafa. Mwanzoni mahakama iliona ni kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 5. Familia ya marehemu haikuridhika. Mwaka 2014 hukumu ikabadilika ikawa kifo.

Hapo ndipo familia nyingi za Kenya hupotea. Wakenya tumezoea kwamba mashtaka ya mauaji ni ya Jamhuri: Jamhuri ndiyo inayoshtaki, na rais ndiye anayesamehe. Katika sheria ya Saudia, kesi ya kisasi ni ya warithi wa marehemu. Wao ndio wanaoweza kudai kifo, kupokea diya, yaani fidia ya damu, au kusamehe bure kwa ajili ya Mungu. Mfalme anaweza kuchelewesha, anaweza kuwasihi, hata kuwatumia watu wazito wawabembeleze, lakini hawezi kusamehe kwa niaba yao. Waziri wetu akimpigia simu waziri wa Riyadh, anazungumza na mtu ambaye hana anachoombwa.

Wazee walioketi hapa mbele hawatalishangaa hili. Kabla ya mahakama za Mwingereza, damu ikimwagika kati ya koo mbili za Wakipsigis, waliozungumza walikuwa wazee wa koo hizo, na ng'ombe walitoka katika maboma ya ukoo mzima, si ya muuaji peke yake. Mnajua pia kwamba mazungumzo ya namna hiyo yana adabu yake. Hamtumi kijana mwenye mdomo. Hamwendi mkimsema marehemu vibaya. Ndiyo maana nashangaa ninapoona familia zetu zikipelekwa mbele ya kamera kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mkorofi. Siku hizi habari hufika Yemen kabla ya jioni, na mwenye kusamehe anasikia.

Warithi walitaka kiasi kikubwa mno mwanzoni. Mwishowe wakakubali riyali milioni 3.5, karibu shilingi milioni 120 za Kenya. Mama yake Munyakho, mwandishi wa habari wa miaka mingi, alizunguka na marafiki kuchangisha. Mei 2024 siku ya hukumu kutekelezwa ilikuwa imekaribia. Wizara ya Mambo ya Nje, kupitia Katibu wake Korir Sing'oei, ikatangaza kwamba utekelezaji umeahirishwa baada ya mashauriano na wenzao wa Saudia. Ukaahirishwa tena baadaye. Machi 2025 ikajulikana kwamba Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, iliyo na makao yake Makka, imelipa diya yote. Julai mwaka huo Munyakho aliachiliwa, akarudi Nairobi.

Angalieni nani alifanya nini. Serikali ya Kenya ilileta miezi. Harambee ilileta, kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko pesa: iliwaonyesha warithi kwamba upande wa pili una nia. Jumuiya ya kidini ilileta fedha za diya na heshima ambayo wizara yoyote haina mbele ya familia ya Kiislamu yenye msiba. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angeweza peke yake. Na pasipo ile miezi, mchango wote ungefika mtu akiwa kaburini.

Si kila mara muda unatosha. Rizana Nafeek wa Sri Lanka alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mwaka 2005 mtoto mchanga wa mwajiri wake alifia mikononi mwake. Cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha alikuwa na miaka 17, lakini wakala alikuwa ameigeuza tarehe kwenye pasipoti ili aonekane mtu mzima. Aliyemtafsiria mbele ya polisi hakuwa mkalimani aliyehitimu, na kukiri kwake ndiko kulikommaliza. Sri Lanka iliomba miaka na miaka, mashirika ya haki za binadamu yakapiga kelele dunia nzima, lakini wazazi wa mtoto hawakusamehe. Aliuawa Januari 2013. Kwa hiyo wakala anapomwambia kijana wetu "tuongeze miaka miwili tu kwenye karatasi", kijana anauza utetezi ambao huenda akauhitaji siku moja.

Waindonesia wana somo jingine. Siti Zaenab alihukumiwa kifo kwa kumuua mwajiri wake mwaka 1999. Utekelezaji ulisubiri hadi mtoto mdogo wa marehemu akue, aamue. Alipokua, alikataa. Aprili 2015 Siti aliuawa, na ubalozi wa Indonesia haukuarifiwa kabla. Mwaka mmoja nyuma Indonesia ilikuwa imelipa riyali milioni 7 kumwokoa mfanyakazi mwingine. Hapo ndipo mjadala mgumu ulipozuka kwao, nasi tunapaswa kuukabili: serikali ikianza kulipa, bei ya damu itakayofuata itakuwa ngapi? Sina hamu ya kumwambia mama yeyote kwamba mwanawe hafai kulipiwa kwa sababu ya hesabu hiyo. Lakini naielewa serikali inayopendelea fedha zitoke kwa watu na mashirika, yenyewe ikibaki mpatanishi.

Vietnam: hapa mlango ni wa serikali

Machi 2025, wiki zile zile diya ya Munyakho ilipokuwa ikikamilishwa, nchi ilishtushwa na habari ya Margaret Nduta. Alikamatwa Julai 2023 katika uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City akiwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini kwenye sanduku. Yeye akasema alipewa mzigo na mtu aupeleke. Machi 6, 2025 mahakama ya jiji hilo ikampa hukumu ya kifo. Mitandaoni ikaenea kwamba atauawa Machi 17. Sing'oei akaeleza kwamba amezungumza na Naibu Waziri wa Mambo ya Nje wa Vietnam, Nguyen Minh Hang, na kuwasilisha ombi la Kenya hukumu isitekelezwe.

Hesabuni siku. Sheria ya Vietnam inampa mshtakiwa siku 15 za kukata rufaa. Hukumu ikishakuwa ya mwisho, ana siku 7 za kumwandikia rais wa nchi kuomba huruma. Kati ya Machi 6 na Machi 17 ni siku 11. Rufaa yenyewe ilikuwa bado wazi! Taifa lilipokuwa likilia na kuweka hashitegi, kazi iliyohitajika ilikuwa ya wakili na mkalimani, na ubalozi wetu uliohusika na Vietnam wakati huo ulikuwa Bangkok, katika nchi nyingine kabisa. Simu ya Katibu ilikuwa na maana, siipuuzi. Ila kelele zilizoiandama zilielekezwa kwenye tarehe isiyokuwa ya kweli.

Huku hakuna warithi wa kuwabembeleza. Anayesamehe ni rais, na anayeweza kubadilisha sheria ni bunge. Na kweli, Juni 2025 Bunge la Vietnam liliondoa hukumu ya kifo kwa makosa 8, mojawapo likiwa kusafirisha dawa za kulevya, kuanzia Julai 1, 2025, na kuagiza kwamba waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa hayo kabla ya tarehe hiyo wabadilishiwe kuwa kifungo cha maisha. Mabadiliko hayo hayakuletwa na Kenya. Lakini ndiyo faida ya muda: mtu aliye hai hukutwa na sheria mpya.

Lalamiko nalo lipelekwe wapi?

Watu wa Kericho hawahitaji kufundishwa maana ya lalamiko la haki za binadamu. Wakipsigis na Watalai waliofukuzwa katika ardhi hii wakati wa ukoloni walilipeleka lao kwa wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, kisha Agosti 2022 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, dhidi ya Uingereza. Ndugu zetu Waendorois wa Ziwa Bogoria waliishtaki Kenya mbele ya Tume ya Afrika ya haki za binadamu mwaka 2003, wakashinda mwaka 2010. Mmoja wa mawakili wao alikuwa Korir Sing'oei, huyu huyu ambaye leo ndiye anayeinua simu ya wizara. Naona mtu aliyekaa viti vyote viwili anajua tofauti yake: lalamiko la Waendorois lilichukua miaka 7, na mtu anayesubiri upanga hana miaka 7.

Kwa mfungwa wa Saudia, Tume ya Afrika haina uwezo. Saudia haimo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Vietnam imo tangu 1982, na mkataba huo unasema nchi ambazo bado zina hukumu ya kifo ziitumie kwa makosa mazito kabisa tu, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanalitafsiri kuwa mauaji ya kukusudia, si dawa za kulevya. Hiyo ni hoja ya kuandikwa. Wale wataalamu maalumu wanaweza kuiandikia nchi yoyote barua ya dharura, iwe imetia saini au la. Barua hiyo haifungui gereza. Inampa mwanadiplomasia wetu karatasi ya kuweka mezani.

Chombo kilicho karibu zaidi ni Mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36. Mtu aliyekamatwa nje ana haki ya kuambiwa, bila kuchelewa, kwamba anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe. Mexico iliishinda Marekani kwa ibara hiyo mwaka 2004 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ajili ya raia wake waliohukumiwa kifo. India ikaishinda Pakistan mwaka 2019 kwa ajili ya raia wake, Kulbhushan Jadhav. Lakini soma vizuri: ubalozi hujulishwa mfungwa akitaka. Kijana asiyejua sentensi hiyo hataisema, na atatia kidole gumba kwenye maelezo asiyoyasoma.

Kuna jambo linalowabana wanadiplomasia wetu, nalo halisemwi sana hadharani. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mahakama zetu bado zinahukumu kifo. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilifuta tu ulazima wa hukumu hiyo kwa mauaji. Hukumu yenyewe ipo katika sheria. Marais wetu wamebadilisha maelfu ya hukumu hizo kuwa vifungo vya maisha, Kibaki mwaka 2009, Kenyatta mwaka 2016, Ruto mwaka 2023. Huo ni utu, lakini mwenzetu wa upande wa pili wa meza anaweza kuuliza kwa upole kwa nini tunamwomba aache kitu ambacho sisi tumekihifadhi kabatini.

Namalizia na daftari la chifu. Kabla kijana hajapanda matatu kwenda Nairobi, andikeni jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari ya pasipoti, tarehe halisi ya kuzaliwa na nakala ya cheti chake, jina la wakala na la mwajiri, na simu ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye ataizungumzia familia. Akikamatwa, habari ziende siku hiyo hiyo kwa Idara ya Wakenya Walio Ng'ambo na kwa ubalozi, kwa maandishi, na chifu abaki na nakala yenye mhuri. Swali la kwanza kwa wakili liwe: kwa kosa hili, katika nchi hii, nani anaweza kusamehe, na mfungwa amebakiwa na siku ngapi? Wasaidizi wa kisheria wa Chilchila na Fort Ternan wameshaniuliza itakuwaje kwa wale waliokwisha kwenda bila kuandikishwa. Waandikishwe sasa, kwa simu, tukianzia na walio katika kazi za nyumbani, ambao pasipoti zao mara nyingi ziko kwenye droo ya mwajiri.