Moyo Unasema, Nani Anausikiliza?

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumzie ule mpira ambao daktari huutundika shingoni, yaani stetoskopu. Wengi tunauona kama alama tu ya kazi yake, mfano wa kofia ya askari.

Mwaka 1816, jijini Paris, daktari Mfaransa René Laennec aliona haya kumwekea sikio kifuani mgonjwa wake wa kike. Akakunja karatasi kama bomba, ncha moja kifuani, nyingine sikioni. Akausikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia.

Moyo una milango minne ya kupitishia damu. Miwili ikifunga hutoa sauti ya kwanza, miwili mingine ikifunga hutoa ya pili. Mlango ukivuja au ukibana, huingia mvumo, kama upepo kwenye tundu la dirisha. Si kila mvumo ni ugonjwa. Watoto wengi wenye afya wanao. Ndiyo maana linahitajika sikio lililozoea.

Yanatuhusu nini sisi wa Tandale, Manzese na Mbagala? Ugonjwa mmoja unaoharibu milango hiyo huanzia kooni. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, anasukutua maji ya chumvi, anapata nafuu, tunasahau. Kwa baadhi yao, wiki mbili tatu baadaye huja homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kinga ya mwili hugeuka kuushambulia moyo. Penye watu wengi chumba kimoja, koo hilo huambukizana upesi. Wengine hugundulika ukubwani, wakiwa waja wazito, pumzi zinapoanza kuwapaa. Mdharau mwiba guu huota tende.

Ukijulikana mapema, sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka kadhaa, huuzuia usizidi. Ukichelewa, huenda ikabidi upasuaji. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na tunashukuru. Lakini safari ya kwenda huko huanzia zahanati ya mtaani.

Tusidanganyane, stetoskopu haisikii yote. Uchunguzi wa wanafunzi wa Msumbiji na Kambodia, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kipimo cha eko, kinachotoa picha ya moyo, kiligundua wagonjwa takriban mara 10 zaidi. Ila eko haipo kila zahanati. Stetoskopu ndiyo iliyo karibu. Kinachokosekana ni nafasi ya kuitumia. Foleni imefika barazani, honi za bajaji zinalia nje, daktari anagusa kifua juu ya shati sekunde chache, kisha anaandika dawa. Moyo hausikilizwi hivyo. Unataka kifua kitupu, sehemu nne za kusikiliza, na kimya.

Kwa hiyo wenye dhamana watupatie chumba chenye mlango unaofungika, na waganga wa kutosha ili foleni isimkimbize daktari. Nawe mzazi, koo la mwanao usilifanyie mzaha. Akivimba viungo, au akichoka upesi kuliko wenzake mchezoni, mpeleke, mvue shati, kisha sema: "Daktari, naomba umsikilize na moyo." Hilo si utovu wa adabu.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.