Injini ya Posho Ikikosa Pumzi

(Mazungumzo na vikundi vyenye mashine za kusaga)

Nimeombwa niseme juu ya injini za dizeli za kusagia posho, hizi za silinda moja, nyingi zikiwa zimetengenezwa India kwa mfano wa Lister ya Uingereza. Injini inakataa kuwaka asubuhi, vijana wanapokezana hendeli mpaka jasho, halafu fundi anakuja na kusema, "Hii imekwisha, leteni pesa ya pistoni, ringi na laina." Mnaanza kuchanga. Mimi nasema, kabla ya kuchanga, awaonyeshe pumzi inapotorokea.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, ndipo dizeli ikipulizwa ndani inashika. Hewa ikitoroka, ule moto hautoshi. Basi utaona moshi mweupe na haiwaki, ama inawaka lakini haina nguvu ya kusaga.

Kwanza fungeni dizeli, mtoe na mkanda wa kinu. Ile dikompresa ya kulegeza pumzi iwekwe mahali pa kubana. Zungusheni gurudumu polepole kwa mkono. Injini nzima itakukatalia na kukurudisha nyuma kama springi. Mbovu inapita laini tu, na utasikia "fsss". Hapo mwingine atege sikio. Ikilia kwenye ekzosi, valvu ya moshi haifungi. Ikilia kwenye kichungi cha hewa, ni valvu ya kuingiza hewa. Ikipumua pale pa kumwagia oili, shuku ringi. Na mapovu yakitoka kwenye maji ya kupoza, ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe imepasuka.

Kama bado mna shaka, fundi atoe injekta, atie ndani oili ya injini kijiko kimoja cha chai, azungushe polepole mara chache, kisha airudishe. Pumzi ikiongezeka, oili imeziba nafasi za ringi, kwa hivyo ugonjwa uko chini. Isipobadilika, uko juu kwa valvu au gasketi. Kijiko kisizidi kimoja! Oili haibaniki kama hewa. Ikijaa inaweza kupinda konrodi.

Na kabla hajafungua chochote, apime tapeti injini ikiwa baridi. Pasipokuwa na nafasi pale, valvu inabaki wazi kidogo. Kurekebisha ni kazi ya spana na filagauji, haihitaji mchango wa mtu.

Valvu ikivuja, hedi hutolewa, valvu zikasuguliwa kwa pesti mpaka zikae sawasawa, na gasketi mpya ikawekwa. Iliyoungua au kupinda ibadilishwe. Ringi ni mambo mazito zaidi. Laina ipimwe kwanza, kwa sababu ikiwa imelika, ringi mpya peke yake ni pesa ya kutupa. Mweka hazina asilipe kabla kamati haijaona spea za zamani kwa macho.

Laina huliwa na vumbi. Kuna watu hutoa kichungi cha hewa eti injini ipate kupumua! Hao wanaalika mchanga ndani ya silinda. Kichungi chenu kikiwa cha oili, chagueni mtu mmoja wa kukifungua kila wiki, na akikuta oili imekuwa tope, aimwage, aoshe bakuli kwa dizeli, atie nyingine safi mpaka kwenye alama.