Mashine Inayojisimamisha



Wahitimu wa ufundi mitambo, nimewaletea habari za Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliyezaliwa Japani mwaka 1867. Chuo kama hiki hakukipata. Useremala alifundishwa na baba yake, na nyumbani alikua akimwona mama yake akifuma. Mwaka 1890 alikwenda Tokyo kwenye maonyesho ya viwanda, akawa anarudi siku baada ya siku kuzikodolea macho mashine. Mwaka uliofuata alipata hataza ya kitanda cha mfumi cha mbao, cha kuendeshwa kwa mkono mmoja badala ya miwili.

Ila kilichonivutia mimi ni mashine yake ya 1896, iliyoendeshwa kwa injini. Uzi wa mshindio ukikatika, ilisimama yenyewe. Kabla ya hapo, uzi ukikatika mfumaji asione, kitambaa kibovu kiliendelea kutoka tu, na kila mashine ilihitaji mtu wa kuikazia macho. Toyoda akalitia jicho hilo ndani ya mashine. Wengi husifu kasi. Mimi namsifu kwa breki. Huko kazini mtakutana na msimamizi atakayesema, "Acha iende, tutarekebisha mbele ya safari." Zimeni kwanza, maelezo yatafuata.

Mambo hayakumnyookea. Mwaka 1910 alijiuzulu katika kampuni iliyobeba jina lake mwenyewe, baada ya kuvutana na wakubwa wenzake biashara ilipodorora. Akapanda meli kwenda Marekani na Ulaya kutazama viwanda, akarudi kuanza upya. Mashine yake ya 1924 ilibadilisha uzi bila kusimama, na mfanyakazi mmoja aliweza kuhudumia mashine zaidi ya 30. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, huko huko Wajapani walikokuwa wakinunua mashine, ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kuitengeneza.

Alifariki mwaka 1930. Miaka 3 baadaye mwanawe, Kiichiro, alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mashine za kufumia. Magari yenyewe ni hayo yaliyojaa hapo nje, na mojawapo limemzibia njia mpiga picha. Mwenyewe aende akalisogeze.

Mkuu wa Chuo, naomba majina yaanze kuitwa.