Kabla ya CPN ya Kwanza: Vitamini za Mama na Ubongo wa Mtoto katika Mwambao wa Uvira

Ubongo wa mtoto huanza kama utando mwembamba wa chembe hai unaojikunja hadi kuwa mrija, na mrija huo hufungika kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hiyo mama amekosa hedhi kwa takriban wiki mbili tu, na wengi hawajajua kuwa wamebeba mimba. Mrija usipofungika juu, ubongo hauumbiki na mtoto haishi; usipofungika chini, huzaliwa na mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kikubwa kinachotokana na maji kukwama ndani ya ubongo.

Vitamini inayohusika zaidi hapa ni folati, yaani vitamini B9, ambayo chembe zinazogawanyika kwa kasi huihitaji ili kutengeneza DNA. Mwaka 1991 jaribio lililoongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilithibitisha kuwa vitamini hiyo huzuia kasoro hii ya mrija. Wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hii walimeza miligramu 4 za asidi ya foliki, yaani folati ya vidonge, kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya kasoro kurudi ikapungua kwa asilimia 72. Kwa wanawake wengine, miligramu 0.4 kwa siku hutosha.

Katika mwambao wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu na kuteremka mpaka Makobola, vidonge vya chuma na asidi ya foliki hutolewa CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Mama anayefika huko mimba ikiwa ya miezi minne au mitano hukingwa na upungufu wa damu, na hilo si dogo. Lakini mrija umekwisha kufungika, au umekwisha kushindwa. Folati inatakiwa iwemo mwilini mwake mapema, na kwa wengi njia iliyopo ni chakula.

Bugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Sombe, yaani majani ya muhogo, ikiwa mbichi ina folati, ila hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu ya sianidi itoke, na moto huo huo huharibu sehemu kubwa ya folati. Kuipunguzia moto ni kosa la hatari. Sumu ile ni ya kweli. Kinachofaa ni kuongeza maharage, yenye folati nyingi, na lengalenga zinazoiva upesi. Nchi kadhaa hutia asidi ya foliki katika unga wa ngano na mahindi viwandani. Tanzania iliweka kanuni hizo mwaka 2011. Unga wa muhogo unaosagwa kwenye mashine za mtaani haufikiwi na njia hiyo.

Ziwa nalo lina sehemu yake. Samaki wake, ndagala na mikeke, huleta vitamini B12, ambayo mboga hazina. B12 ikikosekana, mwili hushindwa kuitumia folati ipasavyo, na ala inayofunika neva haijengeki vizuri. Ndagala akiliwa mzima, na ini lake, huongeza vitamini A. Mawese mekundu huongeza karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo hiyo. Hata hivyo, vitamini A ikizidi mno mwanzoni mwa mimba huweza kulemaza mtoto tumboni, ndiyo maana kapsuli kubwa za kampeni za watoto hazipewi wajawazito.

Vitamini huendelea kuhitajika baada ya mrija kufungika. Dar es Salaam, katika jaribio lililoanza mwaka 1995 kwa wajawazito wenye VVU, watoto wa mama waliopewa vitamini B, C na E walikuwa na maendeleo bora ya misuli na mwendo. Vitamini A peke yake haikuleta faida hiyo.

Malaria ya bonde la Ruzizi huongeza tahadhari moja. SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria inayotolewa kuanzia mwezi wa nne wa mimba, hudhoofishwa na asidi ya foliki ya miligramu 5, lakini miligramu 0.4 haiizuii kufanya kazi. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya kwanza, kisha hurudi kwenye kipimo kidogo SP inapoanza.